Gego la mwisho limekaribia mshipa wa fahamu: nipasuliwe au niliache?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34 na nanyonyesha mtoto wa miezi saba. Mwaka huu gego langu la mwisho la chini, upande wa kushoto, limenivimbisha fizi mara tatu. Kila mara napewa antibayotiki, linatulia. Safari hii daktari wa meno alipiga picha ya eksirei, akasema jino limelala na mizizi yake iko karibu sana na mshipa wa fahamu, kwa hiyo yeye haling'oi. Amenipa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Huko nimepewa fomu ya ridhaa nikaisome nyumbani, na imeandikwa kwamba mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa muda au moja kwa moja. Nimeogopa. Mdomo utapinda? Daktari wangu ameshindwa nini? Na kwa vile sasa haliumi, siwezi kuliacha tu?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na mdomo, maana naona ndio uliokunyima usingizi.

Hautapinda. Mshipa wa fahamu unaochezesha misuli ya uso, ule ambao ukipata hitilafu mdomo huenda upande na jicho likakataa kufumba, unatokea karibu na sikio na kutawanyika shavuni. Haumo ndani ya taya. Huu unaopita chini ya gego lako kazi yake ni kuleta hisia tu: meno ya chini ya upande huo, fizi za mbele, nusu ya mdomo wa chini na nusu ya kidevu. Ukijeruhiwa, sehemu hiyo hubaki vile unavyoihisi ukitoka kuzibwa jino la chini kabla ganzi haijaisha. Utaongea, utacheka, utapiga mluzi ukitaka, na anayekutazama hataona kitu.

Sisemi hivyo ili ulione jambo lenyewe dogo. Mtu asiyehisi nusu ya mdomo hujiuma bila kujua, kinywaji humchuruzika kidevuni mpaka aambiwe, na kumbusu mtoto kunakuwa kitu kingine. Wapo pia ambao hawabaki na ganzi tupu bali mchomo au maumivu ya kuungua, na hayo kusema kweli yanasumbua kuliko ganzi yenyewe. Tena kuna mshipa wa pili, wa ulimi, ambao fomu nyingi huupitia kwa mstari mmoja. Huo unapita upande wa ndani wa taya, chini kidogo tu ya fizi, na eksirei haiuonyeshi. Ukidhurika, nusu ya ulimi hupungukiwa hisia na ladha. Fomu yako isipoutaja, uliza.

Ukubwa wa hatari je? Ukichukua magego ya mwisho ya chini kwa ujumla wake, wanaobaki na ganzi ya mdomo ya kudumu ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Wa ganzi ya muda ni wengi kuliko hao, na kwao hisia hurudi polepole kwa wiki au miezi, ikitanguliwa na kutekenya na kuchomachoma. Lakini wastani huo umechanganya watu ambao mizizi yao iko mbali kabisa na mshipa pamoja na watu kama wewe, na kwako hatari iko juu zaidi. Kwa hiyo tarakimu za kwenye fomu ziweke pembeni kidogo, umwombe daktari bingwa mkae pamoja mbele ya picha yako mwenyewe.

Kwenye picha ya taya zima, njia ya mshipa huonekana kama utepe mweusi wenye kingo mbili nyeupe, nyembamba sana, unaotokea nyuma ya taya na kuteremka kuelekea mbele. Fuata kingo hizo kwa kidole mpaka chini ya gego. Zikipita bila kukatika, huenda mzizi na mshipa vimepishana tu, kimoja mbele na kingine nyuma, na ubapa wa picha ndio unaovionyesha vimegusana. Ukingo mweupe ukipotea pale pale penye mzizi, au utepe ukipinda ghafla, au mzizi ukawa na kivuli cheusi pale unapokatana na utepe, hapo tunaanza kuamini kwamba kweli vimeshikana. Alama hizi zilipangwa vizuri na watafiti Rood na Shehab mwaka 1990, na hadi leo ndizo tunazozitafuta kwanza. Zikionekana, daktari anaweza kuagiza CT ya taya, yaani picha ya mionzi inayopigwa kwa kompyuta na kuonyesha pande zote, ambayo humwonyesha kama mshipa umepita upande wa shavu, upande wa ulimi, au katikati ya mizizi. CT haiondoi hatari. Inambadilishia daktari mpango: achonge mfupa wapi, aligawe jino vipi, alisukume kuelekea upande gani. Picha ya kawaida isipokuwa na alama hata moja, sioni sababu ya kumwongezea mgonjwa mionzi.

Daktari wako wa meno hajashindwa chochote. Ameziona alama, akasimama, na mimi namvulia kofia. Wanaoleta matatizo ni wale wanaoanza, jino likavunjika nusu, ndipo wanaandika rufaa huku mgonjwa ana kidonda wazi. Daktari bingwa uliyetumwa kwake, katika nchi nyingi, amesomea kwanza udaktari wa meno kisha akaongeza miaka kadhaa ya upasuaji tu. Uingereza wengi wao wana shahada mbili, ya meno na ya tiba. Fani hii ilikua haraka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari walirudi na taya zilizosambaratishwa na risasi, na madaktari wa upasuaji kama Harold Gillies, aliyekuwa na hospitali yake Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917, wakagundua kwamba uso haujengeki bila mtu anayejua meno yanavyokutana. Ndiyo maana kwenye kliniki ya daktari bingwa wako unaweza kukaa benchi moja na mtu aliyefungwa taya kwa waya baada ya ajali, mwingine ana uvimbe ndani ya mfupa wa taya, mwingine ana kidonda cha mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki tatu na amekuja kukatwa kinyama cha kupima. Usiingiwe na hofu kwamba na wewe una saratani. Gego lililolala ni kazi yao ya kila siku.

Sasa kuliacha. Kwa watu wengi wenye gego lililolala na ambalo halijawahi kuwasumbua, jibu langu ni ndiyo, liache, lichunguzwe mara kwa mara. Uingereza mwongozo wa mwaka 2000 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba, ulikataza kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa eti kwa kujikinga tu, na hata fizi ikivimba mara moja, kama si vibaya sana, mwongozo huo haukuona kuwa ni sababu ya kutosha. Mara ya pili na kuendelea, ni hadithi nyingine. Wewe umefika ya tatu kwa mwaka mmoja.

Kinachotokea ni hiki: sehemu ya jino imechungulia, iliyobaki imefunikwa na kipande cha fizi, na chini ya kipande hicho pana mfuko ambao mswaki haufiki. Mabaki ya chakula na vijidudu hukaa humo. Antibayotiki huwapunguza vijidudu waliokwishavamia nyama za jirani, lakini mfuko hauzibi. Ndiyo sababu linatulia, halafu linarudi. Na kila linaporudi kuna uwezekano, mdogo lakini upo, usaha ukashuka shingoni badala ya kubaki kwenye fizi. Kuna na hasara ya kimya kimya ambayo watu hawaifikirii: gego lililolala likiegemea lile la mbele yake, huliozesha kwa nyuma, chini ya fizi, na siku likianza kuuma unakuta jino zuri ulilokuwa unalitegemea kutafunia nalo limeharibika. Muulize daktari kama kwenye picha ameona kivuli nyuma ya gego la pili. Akikiona, sababu ya kusubiri inakuwa imeisha.

Kwa hiyo kutouma leo kusikudanganye. Tena kipindi lisipouma ndicho kizuri cha kulifanyia kazi, maana fizi iliyovimba haishiki ganzi vizuri na kinywa hakifunguki. Umri nao una neno lake: mfupa huzidi kuwa mgumu kadiri miaka inavyosogea, na kupona hukawia. Sikutishi, miaka 34 bado ni mapema. Ila sioni kitakachokuwa rahisi zaidi ukiwa na 44.

Kuna njia ya katikati ambayo huenda hukuambiwa, na ningependa uitaje kwa jina la kazi yake: kukata sehemu ya juu ya jino na kuiacha mizizi mahali pake. Daktari huondoa kichwa cha jino, husawazisha mizizi hadi iwe chini ya usawa wa mfupa, kisha hushona fizi juu yake. Mizizi inabaki hai, mfupa hufunika, na mshipa haukuguswa. Imebuniwa kwa ajili ya watu ambao picha yao inasema mshipa umeshikana na mzizi. Haimfai kila mtu. Jino lililooza hadi kwenye kiini, au lenye usaha kwenye mizizi, au lililolegea, haliachiwi mizizi. Mizizi ikicheza katikati ya kazi nayo hutolewa, kwa hiyo bado utasaini kwa mambo yote mawili. Na kwa baadhi ya watu mizizi iliyoachwa hupanda polepole miaka inavyokwenda, wachache wakahitaji upasuaji wa pili, ingawa wakati huo huwa imeshauacha mshipa kwa mbali. Mimi ningekuwa mbele ya picha yenye alama zile nilizokueleza, jino halijaoza, ningekuwekea njia hii mezani kwanza. Lakini sijaiona picha yako wala sijakuchunguza, na aliyekuchunguza ana haki ya kupinga.

Hukunieleza dawa unazotumia, na hapo ndipo wagonjwa wanapotuficha bila kukusudia. Mtu anaulizwa "una ugonjwa wowote?", anajibu hapana kwa sababu presha yake imetulia kwa vidonge. Peleka dawa zote kwenye mfuko, pamoja na za kienyeji na sindano unazochomwa mara chache kwa mwaka. Hizo za mara chache ndizo zinazosahaulika, na baadhi yake, kama asidi ya zoledroniki na denosumabu zinazotolewa kwa mifupa iliyodhoofika au saratani iliyofika kwenye mifupa, zinaweza kuufanya mfupa wa taya ukatae kupona baada ya jino kutoka. Aliyewahi kupigwa mionzi ya kichwa au shingo aseme hata kama ni miaka mingi iliyopita. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, klopidogreli au aspirini, asiziache kwa kujiamulia. Mara nyingi damu ya kwenye tundu la jino tunaweza kuidhibiti kwa kubana na kushona, lakini damu iliyoganda kwenye moyo au ubongo hatuwezi kuishona. Mwenye kisukari, mwenye vali ya bandia ya moyo, anayeweza kuwa mjamzito, wote wana mipango yao.

Kunyonyesha hakukuzuii. Ganzi ya lidokaini haina shida kwa mtoto. Parasetamoli na ibuprofeni pia unaweza kutumia. Usikubali dawa kali za maumivu, kodeini wala tramadoli, kabla hujamkumbusha aliyeandika kwamba una mtoto anayenyonya, kwa sababu miili ya baadhi ya akina mama huzigeuza kuwa kali haraka mno, zikafika kwenye maziwa, na mtoto akalewa usingizi na kushindwa kupumua vizuri. Daktari ameshika karatasi kumi siku hiyo. Mkumbushe tu.

Kuhusu kulala: gego moja hutolewa mara nyingi kwa sindano ya ganzi ukiwa macho. Mwenye woga mkubwa huongezewa dawa ya kutuliza kupitia kanula ya mkononi. Anasinzia, anajibu akiitwa, na baadaye hakumbuki mengi. Nusu kaputi kamili tunaiacha kwa kazi ndefu au ngumu, au magego yote manne kwa mkupuo mmoja. Kwa nusu kaputi hutakula kwa saa sita kabla na hutakunywa hata maji kwa saa mbili kabla, labda wakupe maelekezo mengine. Ukipewa dawa ya kutuliza au nusu kaputi, uwe na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani na kulala na wewe usiku huo, na mtoto asiwe mikononi mwako peke yako. Ukishaamka vizuri na akili imekurudia, wengi huruhusu kunyonyesha. Thibitisha na daktari wa usingizi.

Ndani ya chumba, ukiwa macho, kuna kitu kimoja ambacho asipokuambia mtu utadhani mambo yameharibika. Ganzi huua maumivu, haiui hisia ya kusukumwa. Fizi hufunuliwa, mfupa kidogo huchongwa kwa mashine huku maji yanamwagika, kisha jino hukatwa vipande. Halafu daktari anaingiza kifaa bapa kwenye mpasuo wa jino na kukizungusha, na unasikia "ta!" ndani ya fuvu lako. Hapo wagonjwa hukodoa macho wakijua taya limevunjika. Ni jino limegawanyika, na ndicho alichokuwa anakitafuta. Kelele hizo unazisikia kubwa kwa sababu zinapitia kwenye mfupa hadi sikioni. Ukisikia maumivu makali, ya kuchoma, inua mkono. Mkubaliane ishara hiyo kabla hajaanza, maana mdomo utakuwa umejaa vyombo.

Ukitoka utang'ata gozi, kile kitambaa laini cha hospitali, kwa nusu saa, kwa nguvu, bila kuichungulia kila dakika. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Vyote hivyo hung'oa damu iliyoganda kwenye tundu, na damu hiyo ndiyo dawa. Mate ya rangi ya waridi hadi kesho yake ni kawaida. Meza dawa ya maumivu ganzi ikiwa bado ipo: mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala pumu inayochokozwa na dawa hizo anaweza kutumia ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na parasetamoli ya gramu 1, na mbili hizi zikienda pamoja hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku nzima. Barafu iliyofungwa kitambaani ni ya siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hasa baada ya kula, na meno mengine uyapige mswaki kama kawaida.

Shavu litavimba zaidi siku ya pili na ya tatu, kuliko siku yenyewe ya upasuaji. Watu hupiga simu siku hiyo wakidhani wameoza. Kinywa pia kitafunguka kwa shida kwa wiki moja au zaidi. Ganzi ya sindano kwenye taya la chini huisha ndani ya saa chache tu, kwa hiyo ukiamka kesho yake na mdomo bado hauna hisia, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje miadi ya kukaguliwa nyuzi. Ganzi nyingi za namna hiyo huisha zenyewe, lakini daktari anatakiwa aipime na kuichora mipaka yake mapema ili ajue baadaye kama inapungua.

Kuna maumivu ya aina moja yenye tabia yake. Unapata nafuu siku mbili, tatu, halafu yanarudi kwa kishindo, yanapanda hadi sikioni, mdomo unanuka, na vidonge havifui dafu. Hilo ni tundu kavu: damu iliyoganda imetoka, mfupa umebaki wazi. Si usaha, na antibayotiki si tiba yake. Daktari husafisha tundu na kuweka dawa ndani, na nafuu huja upesi. Wavutaji sigara hulipata zaidi, na vidonge vya uzazi wa mpango navyo huongeza uwezekano, kwa hiyo kama umeanza kuvitumia tena baada ya kujifungua, mwambie.

Yasiyosubiri asubuhi ni haya: damu inayoendelea kumwagika baada ya kung'ata gozi kwa nusu saa mara mbili mfululizo, homa yenye kutetemeka, uvimbe unaoshuka chini ya kidevu na kukaza shingo, ulimi kuinuliwa juu, kushindwa kumeza hata mate yako, sauti kubadilika, kuhema kwa shida. Matano ya mwisho yakianza hata moja, usitafute kliniki ya meno. Nenda moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali, useme mlangoni kabisa kwamba umetolewa gego na sasa koo linabana, ili usipangwe kwenye foleni.